Gari la kasi lililobadilishwa: namna ya kupima madai ya muuzaji kabla ya kulipa

Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer Evolution na Toyota Altezza ni majina yanayojulikana kwa wapenzi wa magari ya kasi kote Afrika Mashariki. Gari la aina hiyo linapouzwa mkononi, tena likiwa limeongezwa nguvu, bei yake hubeba mambo mengi yasiyoonekana kwa macho: injini iliyobadilishwa, turbo kubwa zaidi, programu mpya ya kompyuta, pengine hata historia ya mashindano. Mambo hayo huelezwa kwa mdomo, na mara nyingi mnunuzi hujikuta amelipia maelezo.

Kwa mnunuzi wa Kigali hasara si ya fedha pekee. Anaweza kukosa usajili wa gari, au kuteremka mlima kama wa Rebero, wilayani Kicukiro, akiwa na breki zisizoaminika. Yafuatayo ni madai ambayo mnunuzi anaweza kukutana nayo, na namna ya kuyapima.

«Hili ni STI halisi»

Nembo na bampa hununuliwa dukani. Kinachopaswa kusomwa ni namba ya chasisi. Katika Impreza za soko la Japani zilizotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007, namba inayoanza na GDA ni ya WRX ya kawaida, na GDB ni ya STI. Injini ya STI hiyo ni EJ207. Ya WRX ni EJ205. Kwa Lancer Evolution, CT9A ni toleo la VII hadi IX, na CZ4A ni toleo la X. Gari lenye sura ya toleo la X lakini namba yake ikaanza na CY4A si Evolution, hata likivishwa nini.

Altezza nayo ina mtego wake. Yenye silinda sita, GXE10, hutoa takriban nguvu farasi 160, ilhali yenye silinda nne, SXE10, hufikia 210. Anayeuziwa «silinda sita yenye nguvu zaidi» ameambiwa kinyume cha ukweli.

Namba iliyochongwa kwenye bodi, iliyo kwenye kibati na iliyo kwenye kadi ya gari lazima zilingane. Rangi mpya, alama za msasa au za kuchomelea kuzunguka namba hiyo ni sababu tosha ya kusitisha mazungumzo.

«Usukani ulikuwa kushoto tangu kiwandani»

Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu 2005 ilizuia uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia. Magari mengi ya kasi ya Kijapani yalizaliwa na usukani wa kulia, hivyo baadhi huhamishiwa usukani gereji, kisha huuzwa kama magari yaliyotoka Ulaya.

Dalili ya kwanza ni namba yenyewe. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huwa na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, ambamo herufi I, O na Q hazitumiki. Gari la soko la ndani la Japani huwa na namba fupi: msimbo wa chasisi, kistari, kisha tarakimu. Namba fupi kwenye gari la Kijapani lenye usukani wa kushoto hudai maelezo.

Dalili nyingine ziko kwenye gari. Vifuta kioo vinaweza kubaki vikifagia vizuri upande wa abiria na kuacha pembe ya dereva. Taa za mbele huendelea kuelekeza mwanga kushoto, zikiwapiga machoni wanaokuja. Ukuta kati ya injini na kiti cha dereva huwa na matundu yaliyozibwa na alama za kuchomelea. Kazi hiyo hugusa usukani, pedali na mabomba ya breki; ikifanywa vibaya, hitilafu yake hujitokeza barabarani.

«Lina nguvu farasi 300»

Swali la kwanza ni: zimepimwa wapi? Nguvu zinazotangazwa na kiwanda hupimwa kwenye injini. Zinazofika kwenye magurudumu huwa pungufu, kwa sababu gia na ekseli hula sehemu yake. Isitoshe, kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280, hata kwa magari yaliyozidi kiwango hicho. Namba ya kwenye karatasi haikuwa kipimo kamili hata gari lilipokuwa jipya.

La pili ni mwinuko. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Nguvu farasi 200 za pwani huwa karibu 170 Kigali. Injini ya turbo hupoteza kidogo kuliko hiyo, lakini turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na huchoka mapema.

Ushahidi unaokubalika ni karatasi ya mashine ya kupimia nguvu, yenye tarehe, namba ya gari na mchoro mzima wa kipimo. Picha ya simu isiyo na tarehe haithibitishi chochote.

«Limefanyiwa steji ya pili»

Hakuna chombo kinachoamua steji ya kwanza, ya pili au ya tatu ni nini. Kila gereji huwa na maana yake. Mnunuzi adai orodha: kifaa gani kiliwekwa, cha kampuni gani, lini, nani alikifunga, na risiti iko wapi. Aulize pia programu ya kompyuta iliandikwa kwa petroli ipi. STI ya Japani ilirekebishwa kwa petroli ya kwao ya daraja la juu, inayokaribia oktani 100. Ya vituo vya Afrika Mashariki huwa chini ya hapo. Programu isiyozingatia tofauti hiyo husababisha injini kugonga, na pistoni huvunjika.

Kipimo cha kompresheni cha silinda zote huchukua muda mfupi. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, maelezo ya steji hayana maana tena.

«Limetembea kilomita 80,000 tu»

Odomita hurudishwa nyuma kwa urahisi. Kwa gari la Japani, cheti cha kusafirisha nje huonyesha kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi, na karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari. Herufi R humaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Pedali zilizolika na kiti kilichobonyea haviendani na kilomita chache.

«Lilikuwa gari la rali»

Rwanda ina mbio zinazojulikana barani, Mountain Gorilla Rally, hivyo dai hili hupandisha bei. Lakini gari la mashindano huacha nyaraka za ukaguzi, na mchezo huo nchini husimamiwa na Rwanda Automobile Club. Gari lisilo na karatasi ni gari lililochorwa namba ubavuni. Na likiwa kweli lilishindana, basi bodi yake imeteswa: hilo ni jambo la kupunguza bei.

Jaribio la mlima

Barabara za Rebero zinafaa kwa majaribio, bila mashindano na ndani ya mwendo wa kisheria. Gari lianze likiwa la baridi. Injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha mengi. Wakati wa kupanda, atazame joto na moshi: wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, mweupe usiokoma huashiria maji yanayoingia kwenye silinda. Wakati wa kuteremka kuelekea Gikondo, apime breki: pedali inayozama, usukani unaotetemeka au harufu ya kuungua ni majibu ya wazi.

Kabla ya fedha kutoka

Gari lipelekwe kwa fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, kisha kwenye kituo cha ukaguzi wa magari cha Polisi ya Taifa, Remera au mikoani. Umiliki uthibitishwe katika Mamlaka ya Mapato, RRA, na ihakikishwe kuwa gari halina faini wala halijawekwa dhamana ya mkopo.

Kisha kila dai liandikwe kwenye mkataba: namba ya chasisi, aina ya injini, kilomita, orodha ya vifaa. Sheria ya adhabu ya Rwanda ya 2018, kifungu cha 174, humwadhibu anayejipatia mali ya mwingine kwa hila kwa kifungo cha miaka miwili hadi mitatu na faini ya faranga milioni tatu hadi tano. Lakini hila huthibitishwa kwa maandishi. Muuzaji anayesifu gari kwa saa nzima, kisha akakataa kutia saini chini ya sifa hizo, ameshampa mnunuzi jibu.