Kitambulisho cha Kiraka au Alama ya Kiraka?

Mzazi wa Bombo, kwenye milima ya Pare Kusini wilayani Same, akimpelekea fundi cherehani kaptura ya shule iliyotoboka makalioni, hana haja ya maelezo marefu. Fundi anaigeuza ndani nje, anatafuta kipande cha kaki kinachokaribiana rangi, anakata, anakunja pindo, anashona kuzunguka tundu. Kesho yake ikiletwa kaptura ya mdogo mtu, iliyotoboka vilevile ila chini kidogo, anakata kaki ileile kwa kipimo kilekile. Je, hicho ni kiraka kilekile, au sasa viko viwili?

Waandishi wa programu za kompyuta wanaulizana swali hilo kila siku, na jibu lao ni kwamba mahali kilipobandikwa hapahesabiwi.

Neno kiraka lenyewe halina ubishi. Barabara ya lami ina viraka, na mchezaji anayemudu nafasi yoyote uwanjani mashabiki humwita kiraka. Kwenye kompyuta limeingia kwa haki: enzi za programu zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu lililokosewa lilizibwa kwa kipande kilichobandikwa kwa mkono. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu ya kubandika marekebisho ya maandishi, akaiita kwa jina la kiraka hichohicho. Ila kiraka cha programu husema pia kilichotolewa. Mistari yenye alama ya kutoa imefutwa, yenye alama ya kujumlisha imeongezwa, na isiyo na alama ni majirani tu, wamewekwa ili ijulikane pa kubandika.

Matata yanaanza kwenye kukitambua. Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu alichokianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, hulipa kila badiliko namba ndefu, kwa kawaida ya herufi na tarakimu 40. Namba hiyo hukokotolewa kutokana na kila kitu: maandishi, mwandishi, saa, na badiliko lililotangulia. Badiliko likihamishiwa tawi jingine bila kuguswa hata nukta, namba inakuwa nyingine. Ndipo inapohitajika amri ya git patch-id. Hiyo husoma kiraka peke yake, ikaacha mwandishi, tarehe na namba za mistari, kisha ikatoa namba ya pili. Viraka viwili vikitoa namba moja, karibu ni hakika kwamba ni kitu kimoja. Amri ya git cherry huitumia mbinu hiyo kuonyesha ni mabadiliko gani yameshafika upande wa pili.

Namba hiyo tuiiteje? Tafsiri ya patch-id inayokuja haraka mdomoni ni kitambulisho cha kiraka. Lakini Mtanzania akisikia kitambulisho anaiona kadi ya NIDA, yenye namba ya tarakimu 20 inayoanza na tarehe ya kuzaliwa. Namba hiyo mtu hupewa. Kuna mamlaka iliyoitoa na mahali ilipoandikwa. Ya kiraka haitolewi na yeyote. Mtu aliye Bombo na mwingine aliye Berlin, wakiwa na kiraka kimoja na wakikokotoa kwa namna moja, watapata namba moja bila kujuana. Inafanana zaidi na alama ya kidole, ile tuliyoombwa wakati wa kusajili laini za simu, kwa sababu inatoka kwenye kidole chenyewe. Kwa hiyo alama ya kiraka inaeleza kazi vizuri kuliko kitambulisho. Wala si dhambi kuchukua neno la kawaida na kulipa kazi mpya. Kitivo cha chuo kikuu ni neno la milima hii ya Upare na Usambara, na maana yake ya kwanza ni ardhi yenye rutuba.

Alama hii lakini ina jambo ambalo kidole hakina: mtumiaji anachagua kipi kihesabiwe. Kwa miaka mingi mwongozo wa git patch-id ulisema kwamba nafasi tupu na namba za mistari hupuuzwa. Mwishoni mwa 2022 ikaongezwa namna ya kukokotoa kiraka kama kilivyo, nafasi zote zikihesabiwa, na sentensi ya zamani haikuweza tena kusimama peke yake. Tofauti hiyo si ya kupuuza. Tuseme kijana ameandika programu ya Python ya kujumlisha saa za maji za wakulima wanaotumia ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe mferejini kwa zamu. Mstari wa kuonyesha jumla ukisogezwa ndani kwa nafasi nne, jumla itatoka kwa kila mkulima. Ukibaki nje, itatoka mara moja tu mwishoni. Programu hizo ni mbili, lakini kwa hesabu ya kawaida alama ya kiraka ni moja.

Neno thabiti nalo lina mtego. Kwenye mwongozo huo kuna alama inayoitwa thabiti na isiyo thabiti, na msomaji atadhani ya pili ni mbovu. Sivyo. Ya pili hubadilika faili zikipangwa kwa mfuatano mwingine, nayo imebakizwa ili ilingane na ile ya Git 1.9 na matoleo ya nyuma yake. Isiyojali mpangilio na inayojali mpangilio ni maneno marefu, lakini hayamsingizii mtu.

Na anayesahihisha mwongozo wa amri hana budi kusahihisha na majaribio ya amri hiyo. Jaribio linalolinganisha alama mbili lisipohakikisha kwanza kwamba alama zimepatikana, litalinganisha faili mbili tupu, likute zinafanana, na kutangaza kwamba mambo ni shwari.

Basi sentensi ya kwanza ya mwongozo wa Kiswahili ingeweza kusomeka hivi: alama ya kiraka ni namba inayokokotolewa kutokana na maandishi ya kiraka bila kujali namba za mistari, nafasi tupu nazo hazihesabiwi, isipokuwa mtumiaji ameagiza zihesabiwe.