Wastani

Neno wastani limetoka Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya katikati. Anayejifunza R, programu huria ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, hukutana nalo mapema. Tuseme anachambua uvuvi wa usipa Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa: mitumbwi mitano imerudi na ndoo 2, 3, 3, 4 na 38. Programu itampa wastani wa 10, na hakuna mtumbwi hata mmoja uliokaribia ndoo 10! Namba ya katikati ni 3. Hiyo ndiyo inayosimulia usiku wa wavuvi wengi. Namsihi aiombe programu namba hizo mbili, kisha aziandike zote kwenye ripoti ya kijiji.