Mwisho wa Analojia Uko Wapi? Kichujio cha Picha na Historia ya Televisheni Mkoani Singida

Historia ya utangazaji nchini Tanzania kwa kawaida huuweka mwisho wa analojia katika tarehe za kuzimwa kwa mitambo. Mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya zikafuata mwaka 2013. Singida haikuwamo katika awamu hiyo ya kwanza. Zamu yake ilikuja baadaye. Insha hii inajenga hoja kwamba tarehe hizo ni historia ya minara, wala si historia ya sebule. Ushahidi wake ni kifaa ambacho wanahistoria hawakitazami: kichujio cha mawimbi ya picha.

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Mfumo uliotumika ulikuwa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Katika mfumo huo mng'aro wa picha huenea hadi takriban megahezi 5, na rangi hubebwa kwenye megahezi 4.43, yaani ndani ya eneo lile lile la mng'aro. Pasipo kichujio cha kuvitenganisha, vitone hutambaa kwenye kingo za herufi, na shati la mistari myembamba huonekana lina rangi ambazo halikuwa nazo.

Katika seti za awali kazi hiyo ilifanywa na koili na kapasita, huku rangi ya kila mstari ikicheleweshwa kwa mikrosekunde 64 ndani ya kipande cha kioo. Koili zilirekebishwa kwa mkono, na joto au umri uliweza kuzitoa kwenye masafa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Philips ilikuwa na chipu TDA4661, iliyochukua nafasi ya kioo hicho, na TDA8362, iliyobeba vichujio vya rangi vinavyojirekebisha vyenyewe. Kwa hiyo televisheni iliingia Bara wakati kichujio kilipokuwa kikihamia ndani ya saketi jumuishi. Kwa fundi wa mji ulio mbali na bandari, kama Singida, badiliko hilo lilikuwa na pande mbili: marekebisho yalipungua, lakini kichujio kilichoharibika hakikuweza tena kutengenezwa peke yake, ilibidi chipu nzima ibadilishwe.

Ujio wa dijitali haukukiondoa kichujio, bali ulikihamisha. Mwenye seti ya zamani alihitaji king'amuzi, ambacho hupokea tarakimu na kuzigeuza tena kuwa wimbi la analojia. Kwa kipimo cha sampuli milioni 13.5 kwa sekunde, ugeuzaji huo huzaa nakala za wimbi kuanzia takriban megahezi 8.5, nazo lazima zikatwe. Baadhi ya ving'amuzi hutumia koili na kapasita chache. Vingine hutumia chipu maalumu. Chipu THS7314 ya Texas Instruments, kwa mfano, huchuja mikondo mitatu ya picha na kuongeza volti maradufu ili wimbi lipite katika waya wa omu 75. Kutoka hapo hadi kwenye tundu la njano la seti, picha ni ya analojia.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo. Mkataba huo ulihusu masafa ya angani. Haukugusa waya wa mita moja ulio nyuma ya seti. Kazi ya kuunganisha zama mbili ilihamia nyumbani, na pamoja nayo gharama ya king'amuzi. Mtafiti anayeishia kwenye tarehe ya mnara huifuta gharama hiyo katika kumbukumbu. Kwa Singida, kama kwingineko nchini, mwisho wa analojia haukuwa siku moja: kila kaya ilikuwa na tarehe yake, nayo ni siku ile waya wa njano ulipochomolewa mara ya mwisho.