Kukabidhi si kutupa

Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Arusha mjini hadi Meru, ni kawaida mwombaji kusema "Bwana, nakukabidhi mipango yangu". Wapo wanaodai neno hilo hufuga uvivu: ukishakabidhi, umenawa mikono. Sikubali. Kabidhi limetoka Kiarabu, na shina lake ni kushika, kufumbata. Ndiyo maana Kabidhi Wasii Mkuu wa Serikali hushika na kusimamia mirathi, haitelekezi. Hata ofisini makabidhiano huenda na orodha (na sahihi, bila shaka). Kwa hiyo asiye na mpango hana cha kukabidhi. Yesu pale Gethsemane alitaja kwanza alichotaka, kikombe kimwepuke, ndipo akamwachia Baba uamuzi. Mkulima wa Poli, kule Meru, naye huombea mvua shamba lililokwisha kulimwa.