Ngao Ambayo Haikuwapo

Juni 1967 Aleksei Kosygin, waziri mkuu wa Umoja wa Kisovieti, alikuwa New York kwa kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu vita vya Mashariki ya Kati. Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitaka waonane. Kosygin hakutaka kwenda Washington asije akaonekana ameitika wito, na Johnson naye hakuwa tayari kumfuata mgeni New York. Wakagawana njia. Walikutana Glassboro, mji mdogo wa New Jersey, nyumbani kwa mkuu wa chuo cha hapo.

Wakati huo Wasovieti walikuwa wameanza kuuzungushia mji wa Moscow makombora ya kudungua makombora. Waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, akamweleza Kosygin kwamba kinga hiyo ni hatari. Mkijikinga, alisema, sisi tutaongeza makombora ya kushambulia hadi yapenye, nanyi mtatujibu vivyo hivyo, na mbio hizi hazitakoma. Kosygin akahamaki. Kwake ubaya ulikuwa katika kushambulia. Anayejilinda ana kosa gani?

Miaka mitano ilipita kabla hoja hiyo haijawaingia wakuu wa Moscow. Tarehe 26 Mei 1972, Rais Richard Nixon wa Marekani na Leonid Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, walitia saini mkataba wa kuzuia kinga dhidi ya makombora ya balistiki. Kila upande uliruhusiwa vituo viwili vyenye makombora 100 kila kimoja, na mwaka 1974 vikapunguzwa hadi kimoja. Wasovieti walibaki na cha Moscow. Wamarekani walijenga chao North Dakota, wakakifunga mwaka 1976 baada ya kukitumia kwa miezi michache tu. Mataifa mawili yasiyopendana yalikuwa yamekubaliana kila moja likae wazi mbele ya silaha za mwenzake, maana asiye na pa kujificha hathubutu kuanza. Ni vigumu kuipenda hesabu ya namna hiyo, hata kwa aliyeikubali.

Rais Ronald Reagan wa Marekani hakuikubali. Jioni ya 23 Machi 1983 aliwaomba wanasayansi wa nchi yake, kupitia televisheni, watengeneze kinga itakayozifanya silaha za nyuklia zisiwe na kazi tena. Mpango huo ulizungumzia leza, setilaiti na mitambo ya kukaa angani, na wakosoaji wakaupa jina la sinema iliyovuma siku hizo, Vita vya Nyota. Reagan mwenyewe aliamini anatafuta amani. Moscow iliona kitu kingine kabisa: mwenye upanga na ngao kwa pamoja anaweza kupiga kwanza, kisha ngao yake ikadaka mapigo machache yatakayosalia kwa adui.

Mwaka huo ulizidi kuwa mbaya. Septemba mosi ndege ya kivita ya Kisovieti iliitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, wakafa watu 269. Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia 26 Septemba, mitambo ya kutoa tahadhari karibu na Moscow ilionyesha kwamba Marekani imerusha makombora matano. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua mitambo imekosea, naye alikuwa sahihi: setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Mikhail Gorbachev alishika madaraka Moscow Machi 1985. Novemba mwaka huo alikutana na Reagan Geneva, wakatamka kwa pamoja kwamba vita vya nyuklia havina mshindi na kamwe visipiganwe. Aprili 1986 kinu cha Chernobyl kililipuka. Gorbachev akaona jinsi mtambo mmoja, tena wa kuzalisha umeme, ulivyoweza kuielemea nchi nzima. Kabla mwaka haujaisha aliomba kikao cha haraka na Reagan, wao wenyewe, mahali pa katikati.

Mahali hapo palikuwa Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Tarehe 11 Oktoba 1986 waliingia Höfði, nyumba nyeupe ya mbao iliyo kando ya bahari, iliyojengwa mwaka 1909 kwa ajili ya konseli wa Ufaransa. Wenyeji wanasema ina mizimu. Chumba cha mazungumzo kilikuwa kidogo, chenye meza ya kuwatosha viongozi hao, mawaziri wao wa mambo ya nje, George Shultz na Eduard Shevardnadze, wakalimani na waandishi wa kumbukumbu.

Usiku wa kwanza wataalamu walikesha. Upande wa Marekani uliongozwa na Paul Nitze, mzee wa miaka 79. Wamarekani walishangaa kuona upande wa pili umeongozwa na Marshali Sergei Akhromeyev, mkuu wa majeshi mwenyewe, askari aliyepigana wakati Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani. Kulipopambazuka walikuwa wamekubaliana kwamba kila upande ubaki na vichwa vya nyuklia 6,000 na vyombo 1,600 vya kuvirushia. Mabalozi walikuwa wameshindania tarakimu hizo miaka na miaka.

Jumapili mchana kikao kikarefushwa. Katika hali hiyo ya uchovu Reagan akasema yeye hana kinyongo silaha zote za nyuklia zikiondolewa. Gorbachev akajibu kwamba hilo linawezekana. Shultz akasema basi na tufanye hivyo.

Kilichobaki ni ngao. Gorbachev alitaka kwa miaka 10 majaribio yake yafanyike ndani ya maabara tu. Reagan alikataa, alikuwa amewaahidi wananchi wake. Aliahidi kwamba kinga ikipatikana atawagawia Wasovieti. Gorbachev akamjibu kuwa Marekani haikubali hata kuwauzia vifaa vya kuchimbia mafuta, seuze hicho. Katika kumbukumbu zote za kikao hicho, jibu hilo ndilo lenye akili kuliko yote. Reagan alimpa Shultz karatasi akimuuliza kama anakosea, na Shultz akamnong'oneza kwamba hakosei. Wakaachana jioni nje ya nyumba, nyuso zimewakunjamana. Gorbachev alisema hajui angefanya nini zaidi. Reagan akamwambia: ungeweza kusema ndiyo.

Kilichowagombanisha hakikuwapo. Aprili 1987 chama cha wanafizikia wa Marekani kilitoa ripoti kwamba itachukua miaka 10 au zaidi ya utafiti kujua tu kama silaha hizo za leza zinawezekana. Kwa hiyo kukaa maabara miaka 10 kungemgharimu Reagan kidogo sana, na Gorbachev naye alikuwa akiogopa kivuli. Kwa maoni yangu lawama ni ya wote wawili, ingawa wanahistoria wengi humtupia mmoja.

Aliyeueleza wazi udhaifu wa ngao hiyo huko Moscow alikuwa Andrei Sakharov, mmoja wa wanafizikia waliolitengenezea taifa hilo bomu la haidrojeni, ambaye Desemba 1986 ndipo aliporuhusiwa kurudi kutoka uhamishoni Gorky. Februari 1987 alisema hadharani kwamba kinga ya angani ni rahisi kuipenya, hivyo hakuna sababu ya kufunga makubaliano mengine nayo. Mwisho wa mwezi huo huo Gorbachev akalitenga suala la makombora ya masafa ya kati na lile la ngao. Tarehe 8 Desemba 1987 mkataba wa kuyaondoa makombora hayo ulitiwa saini Washington. Reagan alirudia methali ya Kirusi aliyoipenda, amini lakini hakikisha, na Gorbachev akamtania kwamba huirudia kila wanapokutana.

Safari hii methali hiyo ilipata watu wa kuitekeleza. Wakaguzi wa Kimarekani walihamia Votkinsk, mji wa viwanda karibu na milima ya Ural, wakawa wakikagua vinavyotoka lango la kiwanda cha makombora. Wenzao wa Kisovieti walifanya hivyo hivyo Magna, jimbo la Utah. Kufikia Juni 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameteketezwa, 1,846 yakiwa ya Wasovieti. Pengine kusimama kwenye lango la kiwanda cha adui majira ya baridi kulijenga imani zaidi ya kupeana mikono kote kwa Geneva.

Desemba 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba Marekani inajitoa katika mkataba wa 1972, akisema inahitaji kujikinga na mataifa madogo yenye makombora. Makombora ya kujikinga yakawekwa Alaska na California, mwishoni yakafika 44. Urusi, mrithi wa Umoja wa Kisovieti, ilikuwa na vichwa vya nyuklia kwa maelfu, ambavyo makombora hayo machache yasingeweza kuvizuia. Hata hivyo Machi 2018 Rais Vladimir Putin alionyesha silaha mpya, mojawapo ikiwa Avangard, akisema ndilo jibu kwa kujitoa huko. Mkataba wa 1987 ulikufa tarehe 2 Agosti 2019. Machi 2020 ukaguzi chini ya mkataba mwingine, ule wa mwaka 2010 wa silaha za masafa marefu, ulisimamishwa kwa sababu ya Uviko. Ugonjwa ulipopungua wakaguzi hawakurudi, na Februari 2023 Urusi ikasimamisha ushiriki wake katika mkataba huo.