Mifupa ya Jaani

Sisi wa Masasi na Newala tukisha kula nyama, mifupa huitupa jaani, wala hatuifikiri tena. Lakini wataalamu wachimbao miji ya kale huiokota mmoja mmoja, hata mwiba wa samaki ulio mwembamba kama sindano. Maana vitabu vya zamani vyasimulia masultani na misikiti. Chakula cha watu wa kawaida ni wachache waliokiandika.

Mwaka wa 2017 wataalamu walitangaza kwamba katika mifupa ya Unguja Ukuu, mji wa tangu karne ya 7 hivi, wametambua ya kuku na ya panya weusi. Asili ya wote wawili ni Asia. Basi jogoo atuamshaye, ambaye twamdhani mwenyeji tangu Adamu, yaelekea babu zake walivuka bahari. Na panya alaye muhogo wetu alipanda chombo bila nauli.

Shanga, katika kisiwa cha Pate, palichimbwa tangu 1980 hata 1988. Tabaka za chini zina samaki wa mwambani, wavuliwao karibu. Za juu, tangu karne ya 11 hivi, zina wa kilindini, na papa pia. Wako wasemao watu wa pwani walizaliwa mabaharia. Mifupa yasema walijifunza, tena polepole.

Nasi tulipochimba shimo la choo shuleni tulikuta mifupa na vigae, kina cha kifua. Tulivifukia pamoja na takataka, na hata leo hatujui vilikuwa vya nani.