Daftari la Kinywa

Mali bila daftari huisha bila habari. Wahenga walinena hayo kwa wafanya biashara, lakini kumbukumbu za jamaa nazo ni mali, na daftari lake la kwanza ni kinywa cha mzee. Kinywa kikifumba, daftari limefungwa.

Katika mwezi wa Desemba 1941, Wajerumani na wasaidizi wao waliua maelfu ya Mayahudi wa Novogrudok, mji ulio leo katika Belarus. Miongoni mwa waliouawa walikuwa baba na mama wa akina Bielski. Wana wao Tuvia, Asael na Zus wakaingia msituni kupigana. Vikosi vingi vya msituni vilitaka vijana wenye bunduki. Ndugu hawa walipokea hata wazee na watoto. Katika msitu wa Naliboki walijenga mfano wa mji, wenye washona viatu, wahunzi, waoka mikate na skuli. Vita vilipowapita mwaka 1944, watu wapatao 1,200 walitoka humo hai.

Asael alitwaliwa katika jeshi la Urusi akafa vitani. Tuvia na Zus hatimaye walihamia New York, na huko mwokozi wa umati akawa dereva wa lori, akila jasho lake kimya. Mwaka 1987 Nechama Tec, mwanachuoni aliyeokoka Poland akiwa mtoto, alimwendea akamsikiliza. Mwaka huo huo Tuvia akafa. Laiti mgeni yule angalichelewa kidogo, angalikuta kaburi.

Yamkini mtu atasema kuwa hadithi za nyumbani si ushahidi, kwa maana mapenzi huongeza na haya hupunguza. Ni kweli, kwa hiyo Tec aliwauliza wengi waliokuwako, akapima neno kwa neno, wala kitabu chake cha 1993 hakikuficha magomvi ya kambini.

Tena, Septemba 1943 Mayahudi kiasi cha 250 walitoroka kambi ya Novogrudok kwa njia waliyoichimba chini ya ardhi, na baadhi yao wakawafikia akina Bielski. Mwaka 2012 wana na wajukuu wa watu wale walirudi wakachimba, na alama za njia ile zikaonekana. Ardhi ilishuhudia yaliyosemwa na wazazi. Lakini ardhi haisemi mpaka iulizwe, na aulizaye ni yule aliyekwisha kusimuliwa.